Jiwe la nyanya la kusagia liwa, kumbe ni la wino wa Kichina?

BintiKibokoni

Asalam aleikum nyote na habari za jioni. Nina swali na naomba msinicheke. Hapa kwetu Mji wa Kale Mombasa kuna jiwe ambalo nyanya amesagia liwa (ule mti wa manukato wa kujipaka) tangu mimi niko darasa la nne. Ni laini sana, limekaa kama kisahani cha mstatili, urefu haufiki shibiri, upande mmoja lina kibonde halafu lapanda taratibu mpaka kwenye sehemu ya bapa, na juu limechongwa mawingu na kitu kama joka au samaki hata sijui. Likiwa kavu utasema ni jeusi-jeusi tu lakini ukilimwagia maji lageuka rangi ya zambarau iliyoiva. Na lina kisanduku chake cha mbao cha kifuniko, nyanya hicho kisanduku anawekea hina siku hizi hahaha.

Sasa babu Mungu amrehemu alikuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na hadithi inavyosimuliwa hapa nyumbani ni kwamba miaka ya themanini alipewa jiwe hilo na baharia Mchina, wakabadilishana na leso doti moja na chupa ya achari ya maembe. Hakuna aliyejua ni la nini. Nyanya akaona linasaga liwa laini kuliko lile jiwe la matumbawe alilokuja nalo kwa mamake, basi ikawa hivyo.

Wiki iliyopita tulikuwa na harusi akaja binamu yangu aliyesoma China, akaingia jikoni akaliona, nusura aangushe sinia la viazi karai. Ati hili ni jiwe la wino na huko kuna watu wanalinunua kwa pesa za kununua gari. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Mjomba yuataka liuzwe, nyanya yuasema atakayeligusa atamsagia yeye.

Kwa hivyo maswali yangu: kweli ni la wino? jiwe latoaje wino?? tutajuaje kama ni la maana au ni jiwe tu? na hii liwa ya miaka thelathini na kitu imeliharibu? Halafu kuna kidoa cha mviringo rangi ya kijani-manjano chenye nukta nyeusi katikati, nyanya alikiita jicho tangu zamani na husema ndicho kinachotukinga na kijicho cha majirani. Hicho nacho ni nini?

---

chai_na_mahamri

Mjomba sasa hivi ashaandika bei kwenye kikaratasi na ashajua atalipaka gari rangi gani 😂 Mimi sina la kujibu ila nafuata huu uzi mpaka mwisho.

---

MsafiriGuangzhou

Dada Binti, binamu yako hajakosea. Hilo ni jiwe la kusugulia wino, Wachina waliita yan. Mimi huenda Guangzhou kuchukua mzigo (makava ya simu na vioo) na mwaka juzi kontena halijajaa nikabaki na siku mbili za bure, rafiki yangu wa huko akanipeleka Zhaoqing, mji uko magharibi ya Guangzhou, treni ya kasi haichukui hata saa moja. Zamani uliitwa Duanzhou na ndiyo maana mawe yake mpaka leo yanaitwa Duan. Kuna mtaa mmoja, Baishi, ukipita kila mlango wasikia patasi, kama vile ulivyokuwa ukipita kwa mafundi wa milango ya Kiswahili huku kwetu ambao sasa wamebaki wa kuhesabu.

Jiwe lenyewe halitoi wino. Wino wao wa asili ni mkavu, kijiti kama kipande cha chokoleti. Ni masizi, ya mti wa msonobari au ya taa ya mafuta, yamechanganywa na gundi ya kuchemsha ngozi, yakapondwa kwa nyundo mpaka yawe kama unga uliokandwa, yakatiwa kwenye kalibu na kuachwa yakauke pole pole kivulini. Sasa pale kwenye bapa watia maji kidogo sana, wasimamisha kijiti wima na kukizungusha taratibu, maji yanakuwa meusi na mazito, wayasukuma yateremke kwenye kibonde ndipo burashi inapochovya. Kwa hivyo nyanya yako alikuwa akifanya kazi ileile ya jiwe ila na liwa badala ya masizi. Huyo bibi apewe heshima zake, alijua kusoma jiwe kuliko sisi sote.

Mafundi wa huko wanasema jiwe zuri lina kazi mbili zinazogombana: ling'ate wino upesi, na lisile nywele za burashi. Likiwa laini kama kioo kijiti kinateleza tu unazunguka mpaka adhuhuri hupati kitu. Likiwa la kukwaruza, masizi yanatoka chengachenga na maandishi yanakuwa na uchafu. Lile linalotakiwa lina meno madogo madogo ambayo jicho halioni, kidole ndicho kinachoyajua, ukipitisha ni kama shavu la mtoto mchanga lakini ukiweka wino unang'atwa. Na halinywi maji, ukilipulizia pumzi unyevu unakaa juu.

Duan ni mojawapo ya mawe manne makubwa. La pili ni She, la Anhui na upande wa Wuyuan kule Jiangxi, hilo jeusi na mengine yana vinukta vya dhahabu-dhahabu ndani. La tatu Tao, la kijani, latoka mto Tao mkoa wa Gansu. La nne Chengni, hilo si jiwe hata kidogo, ni tope la mtoni limechujwa likachomwa tanuuni kama chungu. Rangi ya zambarau uliyoisema ndiyo ya Duan, tangu karne ya 7 enzi ya Tang wanalichimba.

Na hilo jicho! Wao wenyewe waliita jicho vilevile, nyanya hakukosea. Ni doa la asili ndani ya mwamba, na wameyapanga kabisa, kuna jicho hai lenye mboni iliyo wazi, kuna jicho linalolia ambalo kingo zake zimechafuka kama lina machozi, na kuna jicho lililokufa lisilo na mboni. Fundi akipata jiwe lenye jicho hakimbilii kuchonga, analizungusha analitazama hata siku kadhaa, halafu picha yote inajengwa kulizunguka hilo jicho. Hebu tazama lenu liko wapi, kama liko kwenye mawingu basi huo ni mwezi.

LAKINI mjomba asiende kukopa. Duan feki zimejaa mpaka Zhaoqing kwenyewe, kuna za unga wa mawe uliochanganywa na gundi ukakandamizwa kwenye kalibu, kuna za kuchongwa na mashine, kuna macho ya kubandikwa. Nilinunua moja kwa yuan 380 nikijiona mjanja, rafiki yangu akaigonga kwa kidole akacheka. Duan nzuri ukiininginiza kwenye vidole na kuigonga yatoa sauti ya mbao, yangu ilitoa sauti ya sahani ya plastiki. She ndiyo hulia kama chuma. Na hata kama lenu ni jiwe halisi, zamani kila mtoto wa shule China alikuwa na jiwe lake la wino, kwa hivyo yako mengi ya kawaida kabisa. Piga picha ya chini, kama kuna maandishi tuoneshe.

---

BintiKibokoni

Subhanallah liko kwenye mawingu!!! Miaka yote hiyo nikijua ni jicho la samaki. Nimeligonga sasa hivi nyanya akiwa msikitini, limelia tok, kama kugonga mwiko. Chini kuna herufi mbili za Kichina hii hapa picha.

---

MsafiriGuangzhou

Hizo zasomeka Duanxi, yaani kijito cha Duan penye machimbo. Ila usiruke bado, hilo ndilo neno la kwanza ambalo kila mwenye kughushi hulichonga 😅 Tok ni dalili nzuri lakini.

---

Bahari5

Samahani mimi sielewi. Wachina hao hao wanaotuuzia kila kitu cha plastiki ati wanakaa kusugua jiwe nusu saa ndio waandike barua? Si wanunue wino wa chupa. Na mbona tunasifu mawe ya wenzetu na ya kwetu tumeyasahau.

---

mzee_wa_kidau

Bahari5 mwanangu swali lako la mwisho ni zuri na la kwanza nitalijibu nikifika. Nafundisha khati, ile sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu, huku Bondeni, macho yamepungua nguvu kwa hivyo mtanisamehe nikikosea herufi.

Sisi chuoni, yaani madrasa, tuliandika kwenye ubao kwa kalamu ya mwanzi, na wino tuliutengeneza wenyewe. Masizi tuliyakinga kwa kigae juu ya koroboi, tukasaga na gundi ya mgunga na maji, tukatia kwenye kidau, chombo cha wino, chenye nyuzi za hariri chini ili kalamu isichote wino mwingi ukadondoka. Waliokuwa wakinakili misahafu Siyu kule kisiwa cha Pate walikuwa na wino mweusi na mwekundu, na ile kazi ukiiona mpaka leo rangi haijaenda popote kwa sababu masizi hayapauki, karatasi italiwa na mchwa lakini herufi zitakuwa nyeusi. Na kombe la zafarani, yale maandishi yanayooshwa mtu akanywa maji yake, nyote mwalijua. Kwa hivyo mambo ya wino na masizi hayakuja na meli ya Mchina, tofauti yetu na wao ni kwamba sisi wino twaupika mara moja ukakaa kidauni, wao kila wakikaa kuandika waanza upya. Gundi yao ni ya ngozi, ukiacha wino uliokwisha changanywa kwa joto kama letu hili kesho yake wanuka.

Haya nimeyajua kwa mtu. Wakati reli mpya inajengwa kulikuwa na mhandisi Mchina Mwislamu akija kuswali Ijumaa Changamwe, kijana mtaratibu, kwao ni Gansu. Akaona kazi yangu ukutani akakaa. Wiki iliyofuata akaja na kijiti cha wino na jiwe dogo la kijani, yaani lile Tao alilolitaja Msafiri hapo juu, asema mto wenyewe wapita karibu na kwao. Akanionesha jinsi wao Waislamu wa China wanavyoandika Kiarabu, khati yao yaitwa Sini, mkia wa herufi waanza mnene kama jani la mgomba halafu waisha kama unywele. Kuna bwana mmoja maarufu, Haji Noor Deen, kazi zake ziko kwenye makumbusho makubwa duniani, mzitafute.

Siku ya kwanza nikasugua kwa nguvu nikitaka upesi wino uwe mweusi. Akanishika mkono. Akasema kwao husema saga wino kama mgonjwa, shika burashi kama pahalawani. Ukikandamiza unatoa mapovu na chenga. Nikasugua kama mgonjwa, dakika kumi, kumi na tano. Kweli nawaambia hicho kitu chanuka vizuri, wanatia kafuri na miski kwenye wino kuondoa harufu ya gundi. Nikamwambia kafuri kwetu ni ya maiti, alicheka mpaka akakaa chini. Lakini sikilizeni, ule mzunguko wa mkono ni kama kuvuta tasbihi. Mpaka wino uwe tayari na wewe ushatulia, pumzi imeshuka, ushajua neno la kwanza utaliweka wapi kwenye karatasi. Mimi wanafunzi wangu wanakuja mbio kutoka kwenye boda, wanafungua chupa, wanachovya, herufi zao zatetemeka. Siku hizi nawasugulisha kwanza.

Na wenye kupenda mawe haya wamekuwa wakiyapenda kwa wazimu. Kulikuwa na mwandishi mkubwa wa khati huko China enzi ya Song, Mi Fu. Mfalme alimwita aandike mbele yake na akampa jiwe lake mwenyewe la wino atumie. Alipomaliza akapiga magoti akasema bwana wangu jiwe hili nimelitia uchafu mimi raia wako, halikufai tena wewe. Mfalme akacheka akampa. Jamaa akalikumbatia akatoka mbio na wino ukimchuruzika kwenye kanzu yake yote, hakujali. Mjomba na yeye ajue kuna wizi wa adabu kama huo hahaha.

Binti, jiwe hilo usiliuze kabla sijalipitisha kidole.

---

chai_na_mahamri

"Wizi wa adabu" mzee umeniua

---

MsafiriGuangzhou

Mzee wa kidau maashallah, nimesoma mara mbili.

Bahari5, wino wa chupa wanao na wengi ndio wanaotumia. Beijing kuna duka la Yidege tangu 1865. Yasemekana mwanzilishi wake alikuwa ameanguka mtihani wa serikali, akawaza muda ambao watahiniwa wote wanapoteza wakisugua wino kwenye chumba cha mtihani, basi akawauzia uliokwisha suguliwa. Biashara safi hiyo. Lakini anayeandika kwa moyo bado anasugua.

Na kwa vile mjomba ametajwa, mchongaji wa Zhaoqing alinipa kisa ambacho mtoto yeyote wa pale anakijua. Karne ya 11 aliletwa gavana anaitwa Bao Zheng. Kila mwaka mji ulitakiwa upeleke idadi fulani ya mawe kwa mfalme kama ushuru, na magavana waliomtangulia walikuwa wakikusanya mara kumi kumi ya hiyo idadi, zinazobaki wanawagawia wakubwa wa serikali wapate kupandishwa vyeo (mwaijua hiyo, haihitaji tafsiri). Bao Zheng akaamuru yachongwe yale tu yanayotakiwa. Muda wake ulipokwisha akaondoka bila hata jiwe moja mkononi, na jambo hilo limeandikwa kwenye historia rasmi ya enzi hiyo. Fikiria kazi iliyokuwa nyuma ya kila kipande: shimo la kale lilikuwa likijaa maji, wachimbaji walingojea msimu wa kiangazi mto ushuke, watu wakajipanga ndani ya pango wakipokezana vyungu vya maji siku nyingi kabla ya kuufikia mwamba, halafu wanachonga wamechuchumaa kwa taa ya mafuta, na sehemu kubwa ya wanachotoa yatupwa kwa sababu ina ufa au haina meno. Siku hizi machimbo hayo ya kale yamefungwa na ndiyo bei ikapanda hivyo.

Dada Binti kuhusu liwa. Haijaliharibu, mti wa liwa ni laini kuliko jiwe. Ila ungaunga na mafuta yake yameziba yale meno. Fanya hivi: loweka kwenye maji ya kawaida usiku mmoja, USITUMIE maji ya moto litapasuka, na sabuni ya unga usilisogeze. Asubuhi sugua kwa dodoki. Wachina wenyewe hutumia dodoki kwa kazi hiyo, au ganda la mbegu za yungiyungi, kwa sababu halikwaruzi. Likauke kivulini si juani. Kama bado linateleza tafuta msasa wa maji ule laini kabisa wa mafundi wa magari, zungusha mara chache pale kwenye bapa peke yake, michoro usiiguse. Na mkija kusugua wino, mkimaliza lioshwe hapo hapo, wino ukikaukia ndani ni kazi, na kijiti msikiache kimesimama juu yake, kitaganda na mkikivuta chang'oka na ngozi ya jiwe.

---

Bahari5

Sawa nimenyoka. Lakini la ya kwetu kusahauliwa narudi nalo kwenye uzi wake.

---

BintiKibokoni

Jamani nimerudi. Nimeloweka, nimesugua kwa dodoki, maji yalitoka meupe kama tui mara tatu. Halafu Jumamosi nikambembeleza nyanya tukalipeleka kwa mzee Bondeni, mjomba akatufuata nyuma bila kualikwa.

Mzee alifumba macho akapitisha kidole gumba kwenye bapa kama mara nne hivi. Hakusema ni la bei gani. Alisema "lina meno" basi. Akatia maji, akatoa kile kijiti cha Mchina wa reli kilichobaki nusu kidole, akamwambia nyanya asugue yeye. Nyanya akashika kama anavyoshika mti wa liwa, akazungusha taratibu vile vile, mzee akaniangalia akasema unaona, huyu hahitaji kufundishwa. Wino ulitoka mweusi ti, hauna hata chenga moja, na nawaapia ulikuwa unanuka liwa! Chumba kizima. Wanafunzi wake wakawa wanakuja mmoja mmoja kunusa.

Aliandika bismillahi kwa kalamu ya mwanzi, sisi tukachukua karatasi iko ukutani sasa. Mjomba alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza kama kule China wanalipa kwa pesa taslimu au kwa benki, nyanya hata hakugeuka.

Sasa tatizo ni moja. Mzee ameomba tumwazime Jumamosi kwa Jumamosi afundishie, nyanya amekubali bila hata kufikiri, sijawahi kumuona hivyo. Lakini Ijumaa ijayo kuna singo, kule kumsugua bibi harusi, ya bintiye jirani na liwa ni kazi ya nyanya, na sasa hataki tena kuisagia pale ati itaziba meno. Lile la matumbawe la mamake lilivunjika zamani. Kuna anayejua pa kupata jiwe zuri la liwa, Marikiti nimezunguka sijaona?

---

chai_na_mahamri

Shangazi yangu Kuze analo na halitumii. Nitumie ujumbe faragha, ila yuataka achari ya maembe.